Siku ya wazazi: kuta za darasa zionyeshe kazi za watoto wenyewe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi hapa Uganda tunaliona kila mwaka na kulinyamazia, nalo ni kazi za sanaa zinazotundikwa madarasani pale shule zetu za msingi zinapotufungulia milango siku ya wazazi. Hoja yangu ni moja: sehemu kubwa ya kazi hizo hazikufanywa na watoto, na ingekuwa heri tuonyeshwe michoro iliyopinda ya watoto wetu kuliko michoro iliyonyooka ya watu wazima.

Wenye watoto shuleni wanaijua siku yenyewe. Hema limesimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, spika zinaunguruma tangu asubuhi, na baada ya hotuba ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati ya shule wazazi hupitishwa darasa kwa darasa. Ndani, kuta zinang'aa. Kuna simba, kuna korongo wa taifa aliyesimama kwa mguu mmoja, kuna ramani ya Uganda yenye maziwa yaliyopakwa buluu bila kuvuka mstari hata mahali pamoja, na chini yake kuna majina ya watoto wa miaka sita na saba. Mezani kuna vikapu, mikeka midogo, kamba za katani na fagio, vyote vimefungwa kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Mzazi yeyote aliyewahi kukaa na mtoto mezani akimwangalia anavyoshika penseli anajua papo hapo kwamba hapa pana namna.

Namna yenyewe si siri. Wiki moja kabla ya siku ya wazazi, walimu hubaki shuleni hadi jioni wakichora juu ya karatasi za manila kwa kalamu za wino mzito. Shule yenye uwezo humwita fundi wa mabango amalize kazi kwa siku mbili. Na watoto hutumwa nyumbani na kijikaratasi kinachosema kila mmoja alete kikapu au mkeka. Mzazi, ambaye hana muda wa kumfundisha mtoto kusuka wala hajui kusuka mwenyewe, huenda sokoni akanunua. Mtoto anakipeleka kikapu shuleni, mwalimu anakibandika jina, na siku ya wazazi yule yule mzazi anaonyeshwa kikapu alichokilipia na kuambiwa apige makofi.

Mwaka jana, katika shule ambayo sitaitaja kwa sababu haina tofauti na nyingine nyingi, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa amemshika mkono mwanawe wa darasa la pili. Ukutani palikuwa na simba kama thelathini, wote wakiangalia kushoto, wote wakiwa na ndevu sawa. Mama akauliza, "Ya kwako ni ipi, baba?" Mtoto hakuangalia simba hata mmoja, alianza kusoma majina, akiyafuata kwa kidole mstari kwa mstari, mpaka alipolifikia lake. "Hii hapa, mama. Mwalimu aliniandikia." Mama akamsifu, kama mama yeyote angefanya. Mtoto hakucheka wala hakusema zaidi, akauliza kama soda zimeanza kugawiwa.

Sisemi haya ili niwalaumu walimu, kwa maana nami nilishika chaki kabla ya kustaafu na ninaijua hali. Darasa la watoto themanini na zaidi si ajabu katika shule za serikali tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo manne tu, yaani Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, na kisichokuwa katika mtihani hukosa nafasi darasani hata kama kimeandikwa katika ratiba iliyobandikwa mlangoni. Kipindi cha sanaa hugeuzwa kuwa cha mazoezi ya hesabu, wiki baada ya wiki, muhula mzima. Halafu tarehe ya wageni inapokaribia, mwalimu mkuu anauliza kuta zitavaa nini. Mwalimu wa darasa afanye nini kwa siku tano zilizobaki? Na kwa shule za binafsi mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa siku hiyo ndiyo tangazo lao la kuvutia wanafunzi wa mwaka unaofuata, na hakuna mwenye shule anayetaka jirani yake aonekane nadhifu kumshinda.

Lakini mtaala hauna kosa. Mtaala wa mada uliopelekwa madarasa ya chini mwaka 2007 uliweka sanaa na ufundi kuwa sehemu ya masomo ya kila wiki, na kati ya mada za darasa la kwanza ipo inayohusu vitu tunavyotengeneza. Huko sekondari, mtaala mpya wa vidato vya chini ulioanza mwaka 2020 unawataka wanafunzi wafanye miradi, wabuni kitu, wakitengeneze na kueleza walivyokitengeneza. Sasa mtoto aliyepita madarasa saba bila kukata, kubandika, kufinyanga wala kusuka chochote kwa mkono wake anafika kidato cha kwanza na kuambiwa alete mradi. Ataupata wapi, kama si kwa yule yule fundi wa mabango?

Najua jibu ambalo mwalimu mkuu atanipa kwanza: vifaa hakuna. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo tunapojidanganya zaidi. Katika orodha ya mahitaji ya mwanzo wa muhula shule nyingi humtaka kila mtoto alete rimu ya karatasi, na rimu moja ina karatasi 500. Darasa la watoto themanini likileta kila mmoja rimu yake, shule imepokea karatasi 40,000 kutoka darasa moja. Nyingi zinakwenda kwenye kuchapa mitihani ya majaribio, sawa. Lakini karatasi moja ya ofisini ikikatwa vipande vinne inawatosha watoto wanne, na watoto themanini wanahitaji karatasi ishirini tu. Kila mtoto akipewa kipande chake, akachora kitu kimoja alichokiona asubuhi akija shuleni, na vipande vyote vikabandikwa pamoja bila pengo, darasa zima litakuwa ukutani na hakuna mtoto atakayekosekana. Kazi hiyo haimalizi hata kipindi kimoja.

Mahali panapokosekana karatasi nyeupe pana karatasi ya kaki. Mifuko ya karatasi ya saruji ina tabaka kadhaa, na tabaka za kati huwa safi. Mtu mzima akiifungua nje, mbali na watoto, akatupa tabaka la ndani lenye vumbi na kuzikung'uta vizuri zile nyingine, anapata karatasi pana na ngumu ambayo makaa ya kawaida ya jikoni yanatosha kuichorea. Rangi nyekundu ipo chini ya miguu yetu: udongo wa barabara za murramu ukipondwa, ukachekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi nyepesi, unapaka vizuri sana. Bizari inatoa manjano. Majani mabichi yakisuguliwa moja kwa moja juu ya karatasi yanatoa kijani ambacho baada ya siku chache hugeuka kahawia, na mabadiliko hayo yenyewe ni somo la sayansi lililokuja bila kuitwa.

Gundi nayo si ya kununua. Unga wa muhogo unakorogwa kwanza katika maji baridi hadi madonge yaishe, kisha unapikwa kwa moto mdogo huku ukikorogwa mpaka uji ukaze na kuanza kung'aa. Uji huo huo ukichanganywa na magazeti yaliyochanwa vipande vidogo, yakalowekwa usiku kucha, yakakamuliwa na kutwangwa kinuni, unatoa donge linaloweza kutandazwa juu ya bakuli lililopinduliwa na kufunikwa plastiki. Likikauka, bakuli la pili limezaliwa, nalo hupakwa rangi kama mtoto apendavyo. Gazeti lako, Mhariri, likishasomwa linafaa kabisa kwa kazi hii, na nakuomba usilichukulie hilo kuwa dharau.

Kalenda za zamani na magazeti ya karatasi inayong'aa yana matumizi mengine. Msanii wetu Sanaa Gateja amejulikana hadi nje ya nchi kwa kazi zinazotumia shanga za karatasi, na kina mama wengi wa Kampala wamepata riziki kwa kuzitengeneza. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuzijifunza: anapima na kukata pembetatu ndefu na nyembamba, anaanza kuviringisha kutoka upande mpana, anaibana vizuri, anamalizia ncha kwa gundi. Akianza kwa kupinda, shanga inapinda hadi mwisho, na hakuna wa kumlaumu. Anaifungua, anaanza upya. Katika shanga kumi za kwanza utaona tatu zinazofaa. Mimi ningependa siku ya wazazi nionyeshwe zote kumi kwa mpangilio zilivyotengenezwa, kwa sababu humo ndimo mzazi anaona kwamba mtoto amejifunza.

Udongo wa mfinyanzi unahitaji uangalifu kidogo, nao ndio unaowavunja moyo walimu wengi. Huchimbwa mabondeni, na wazee wa karibu wanajua mahali pake. Lazima ukandwe sana ili hewa itoke, usiachwe mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na ukaushwe kivulini polepole. Ukianikwa juani siku hiyo hiyo utapasuka. Si lazima uchomwe. Ng'ombe wa udongo mkavu asiyechomwa anakaa vizuri mezani kwa siku ya wageni, mradi asiguswe na maji. Kuna shule zinazoweza kumwalika bibi anayefinyanga vyungu aje akae na watoto alasiri moja, na hiyo ni tofauti kabisa na kununua vyungu vyake na kuvibandika majina ya watoto.

Vivyo hivyo kwa kitambaa cha gome la mti, lubugo, ambacho wenzetu wa Buganda wanakitengeneza kutoka kwa mti wa mutuba: gome linabanduliwa, linalainishwa kwa moto na maji, linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka litanuke na kuwa kitambaa cha rangi ya udongo, na mti wenyewe unafungwa majani ya migomba ili uote gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008. Watoto hawawezi kulipiga gome wenyewe, lakini vipande vidogo vinavyobaki kwa mafundi vinafaa kubandikwa, kushonwa na kuchorwa, na mtoto anayeishika lubugo mkononi na kuinusa atauliza maswali ambayo picha yake katika kitabu haimfanyi aulize.

Huku kwetu Tororo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta la kuchora. Mwamba wa Tororo unaonekana karibu kutoka kila mlango mjini, na bado katika siku za wazazi nimeuona ukutani mara nyingi katika umbo lile lile moja, lililonakiliwa ubaoni. Mwalimu angewaambia watoto kila mmoja auchore Mwamba anavyouona akiwa amesimama nje ya nyumba yao, wa njia ya Malaba, wa njia ya Mbale na wa sokoni, kisha akazipanga picha hizo ukutani kwa kufuata mitaa, hakuna mbili ambazo zingefanana. Mmoja angeweka mti wa mwembe mbele, mwingine waya za umeme, mwingine malori yaliyopanga foleni. Wazazi wangekaa hapo muda mrefu wakibishana ni mtaa gani, na mtoto angekuwa ndiye anayejua jibu.

Hilo linanileta kwenye kibandiko, ambacho naona kina umuhimu sawa na kazi yenyewe. Jina na darasa havitoshi. Mtoto aandike, au amwambie mwalimu amwandikie kama bado hajui, ametumia nini, ameanza vipi na ni wapi palimshinda. Sentensi tatu zinatosha. Ziandikwe kwa lugha ya nyumbani, Kijapadhola au Kiteso au Kisamia, kisha kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko mtoto kuieleza kazi ya mikono yake. Watoto wasimame kwa zamu karibu na meza zao na kuwajibu wageni. Kibandiko kikisema ukweli, fundi wa mabango hana kazi tena, maana hakuna mtoto anayeweza kueleza palipomshinda katika kazi ambayo hakuifanya.

Nimewahi kujibiwa kwamba wageni watacheka. Watacheka baadhi, ndiyo, hasa wale waliozoea kupima shule kwa rangi ya ukuta. Lakini mzazi akishaelezwa na mwalimu mlangoni kwamba kila anachokiona kimefanywa na watoto kuanzia mwanzo wa muhula, jicho lake hubadilika. Anaacha kulinganisha kwa uzuri, anaanza kumtafuta mtoto wake. Na wapo wanaosema sanaa ni kwa wenye kipaji tu, waachiwe wachache wanaoweza. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930, wapo walioona ni kupoteza muda. Kati ya wanafunzi wake alikuwa Gregory Maloba, ndiye aliyetengeneza Sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962, ambayo wanafunzi wetu hupelekwa kupigwa picha mbele yake. Si kila mtoto atakuwa Maloba, na shule haikufunguliwa kwa ajili hiyo. Kila mtoto, hata hivyo, ana haki ya kuwa na kipande chake ukutani, na ndiyo sababu sikubaliani na shule zinazochagua kazi kumi bora na kuzificha nyingine kabatini.

Usalama nao usisahauliwe: wembe ambao watoto wetu wanachongea penseli si kifaa cha kukatia manila, na kwa madarasa ya chini mwalimu akate mwenyewe au watoto wachane kwa mikono, maana ukingo uliochanwa una uzuri wake.

Kuna jambo la mwisho linaloniudhi kuliko hata simba thelathini. Jumatatu baada ya siku ya wazazi, kazi zote huondolewa na kutupwa shimoni nyuma ya jiko, zikichomwa pamoja na sahani za karatasi za keki. Kama ni za fundi, sawa, zichomwe. Za watoto zirudishwe kwa watoto, na zile za pamoja kama ule ukuta wa vipande themanini zibaki darasani hadi mwisho wa mwaka, zikiinuliwa kidogo kutoka sakafuni ili mchwa na mvua ya dirishani visizifikie.

Ninawaomba wakaguzi wa ofisi ya elimu ya wilaya wanapofika shuleni muhula ujao wasiishie kutazama maandalio ya masomo manne ya mtihani, bali waulize pia kipindi cha sanaa kimetumikaje wiki iliyopita na waonyeshwe kilichotoka humo. Ninawaomba wenzangu wa vyama vya wazazi na walimu wakatae kijikaratasi cha kuleta kikapu cha kununua, na badala yake wajitolee alasiri mbili au tatu kwa muhula kukaa darasani na kusaidia kukoroga gundi, kwa kuwa mwalimu mmoja hawezi kuisimamia mikono mia na sitini peke yake. Na wewe, Mhariri, ukiweza kutenga nusu ukurasa mwezi wa siku za wazazi kuchapisha michoro ya watoto kutoka wilaya mbalimbali, bila kurekebishwa na mtu yeyote, nitakuwa wa kwanza kuzipelekea shule za huku kwetu habari hizo.

Wako,
Mzazi na mwalimu mstaafu,
Tororo